Honi Moja

Kiwaya chenyewe kilikuwa cha kijani, kifupi kuliko kidole gumba, kimekunjwa kitanzi nyuma ya kamera. Nilikikata mimi. Nilikikata kwa koleo langu dogo, Alhamisi jioni, na nilipokikata nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimegundua kosa la fundi mwingine na kulisahihisha.

Lori lilikuwa la kaka yangu. Kwa karatasi ni la kampuni, lakini kwa miaka sita hakuna mwingine aliyekuwa ameshika usukani wake. Pale yadi walimwita Sindano, maana alipitisha lori la tani kumi mahali ambapo wenzake wangepita kwa miguu, tena wamebana pumzi. Mimi ni fundi umeme katika karakana ya yadi hiyohiyo, mkabala na jukwaa la kupakilia saruji. Baba mmoja, mama mmoja, tajiri mmoja. Watu walisema tuna bahati.

Jumatatu ya wiki hiyo tuligombana. Nilipanda kwenye lori lake kukagua nyaya, nikakuta spika ya sensa za pembeni imeshindiliwa pamba na kufungwa utepe mweusi mara nne. Sensa zile ndizo zinazopiga kelele mtu au kitu kikiwa ubavuni au nyuma ya gari, pale ambapo kioo hakifiki. Nilikuwa nachomoa pamba kwa bisibisi alipofungua mlango.

"Toka kwenye gari langu."

"Kaka, umejiziba masikio."

"Yadi hii kila upande ni ukuta. Hiyo takataka inalia tangu getini mpaka jukwaani, jukwaani mpaka getini. Mnyapara mwenyewe kanipa pamba, anasema makuli wake hawasikilizani. Ni kama kutembea na mke garini."

"Wewe mke utampata wapi? Hata huyu wa spika kakushinda."

Makuli wawili waliokuwa karibu waliangua kicheko. Kaka akanizaba kofi. Si kofi la ndugu la kutishia, bali kofi la kiganja kizima lililonigongesha kichwa kwenye nguzo ya mlango. Nilishuka, nikamwambia asinisemeshe mpaka nife. Akairudisha pamba yake palepale, mbele ya macho yangu, taratibu, kama mtu anayefunga zawadi.

Kwa hiyo Alhamisi lori lilipoletwa karakana kwa ajili ya taa za nyuma, kaka hakulileta kwa maneno. Aliuacha ufunguo kwenye msumari, akaenda zake. Nilitengeneza taa. Kisha nikatundika kitambaa chekundu upande wa kulia wa bodi, kwa nyuma, nikapanda kabini, nikaweka gia ya kurudi nyuma ili kuangalia kamera. Kitambaa kilionekana kushoto mwa skrini.

Kamera ya nyuma lazima igeuze picha kama kioo, ili kilicho kulia kwako ukione kulia. Kamera ya mbele haigeuzi. Ile ya awali ilivunjwa na mfuko wa saruji miezi minane nyuma, kabla sijaajiriwa, na fundi aliyenitangulia akapachika iliyotengenezwa kwa ajili ya mbele, asikate kile kiwaya cha kijani ambacho kikikatwa picha hugeuka. Miezi minane, kulia kulikuwa kushoto. Na kaka yangu, badala ya kusema, akajifunza. Kwa dereva kama yeye, kulalamikia skrini ni kukiri kwamba lori limekushinda. Alizoea, mkono wake ukazoea, na mazoea ya mkono hayaulizi kichwa.

Hilo la kuzoea nalijua leo. Alhamisi ile nilijua tu kwamba picha ilikuwa kinyume. Nikakata kiwaya, kitambaa kikahamia kulia, nikaandika kwenye daftari la karakana: taa sawa, kamera sawa. Nilipaswa kumtafuta nimwambie. Shavu langu lilikuwa bado na alama. Nikajiambia, mwenye macho haambiwi tazama. Nikautundika ufunguo msumarini.

Pale yadi tulikuwa na desturi ambayo sijaiona penginepo. Malori yalipofungwa kamera, makuli walianza kuipungia mkono. Ukiwa na kazi nyuma ya lori linalorudi, hukimbii. Unapunga mkono kwenye kamera, dereva anapiga honi moja, maana yake nimekuona, naye anakukwepa wewe ukiendelea na shughuli yako. Ilianza kama mzaha, ikawa sheria. Hata wageni walifundishwa siku ya kwanza: punga, subiri honi, endelea.

Ijumaa, saa nne asubuhi, malori mengine yalikuwa yameshaondoka. La kaka ndilo la mwisho. Nilikuwa mlangoni mwa karakana nikimenya waya, nikamwona analirudisha kuelekea jukwaani. Chini ya jukwaa, upande wa kushoto wa lori, alikuwa Kicheko, mdogo wake mnyapara, amechuchumaa anafunga upya mpira wa kukinga zege uliokuwa umekatika mnyororo. Jina lake si la bure. Yule bwana alicheka hata msibani. Alisimama, akaipungia kamera kwa mikono miwili, akacheza kidogo na kiuno.

Honi ikalia mara moja.

Kicheko akageuka, akainama kwenye mnyororo wake.

Ndipo matairi ya mbele yakakata kona, na mkia wa lori ukaanza kwenda kushoto. Nilielewa kabla sijapiga kelele. Jukwaa ni ukuta wa zege wa kijivu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye skrini ukuta hauna kulia wala kushoto. Kaka alikuwa amemwona mtu kushoto mwa picha. Miezi minane ilikuwa imemfundisha kwamba mtu huyo yuko kulia. Alikuwa anamkwepa. Alikuwa anamkwepa kwa ustadi wake wote.

"Simama! Kaka, simama!"

Injini ilimeza sauti yangu. Sensa zilipiga kelele zao ndani ya pamba. Kona ya bodi ilimfikia Kicheko nyongani ikamsukuma mpaka zegeni, na nikasikia mlio mkavu, kama wa fito inayovunjiwa gotini. Kisha yeye mwenyewe. Sijui nimwelezeje. Hakulia kama mtu. Alilia kama breki zilizokwisha.

Lori likasimama. Makuli walikuwa kama ishirini pale juu, na kwa sekunde moja hakuna aliyetikisika. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya mshangao tu, "Lakini kampigia honi."

"Kamwona!" akadakia mwingine. "Kampigia honi, halafu kambana!"

Hapo ndipo kila kitu kilipokwisha. Ajali wangeilia. Hii kwao haikuwa ajali. Mtu ameonwa, ameambiwa nimekuona, kisha amegandamizwa. Wakaruka chini kutoka jukwaani kama mawe.

Kaka alikuwa bado kabini, mikono juu ya usukani, anaitazama skrini kama inamsemesha kwa lugha asiyoijua. Tofali la kwanza lilipasua kioo cha mbele. La pili likaingia. Walimvuta kupitia dirishani, vipande vya kioo vikimchana tumbo, wakamwangusha chini, na mateke yakaanza. Nilikimbia. Nilimwona mnyapara, mwanamume mpana mwenye shingo kama gogo, akishuka na kipande cha nondo mkononi. Alimpiga kaka begani, bega likashuka. Akampiga mkono aliouinua kujikinga. Kuli mmoja alipasua mfuko wa saruji kwa kisu, akachota kwa viganja, akampaka machoni.

"Si una macho wewe! Si umemwona! Haya, ona!"

Kaka alipiga ukelele, akajifuta kwa mikono yenye damu, na saruji ikashika palepale.

Na Kicheko alikuwa bado amebanwa. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Kichwa chake kilikuwa kimelalia ubao wa bodi kama anayesinzia, na chini ya miguu yake vumbi la saruji lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

Nilipanda kabini juu ya vioo vilivyopasuka. Injini ilikuwa inaunguruma. Mimi malori nayatoa na kuyaingiza karakana kila siku, kuyaendesha najua. Niliweka gia ya kwanza, nikalisogeza mbele hatua mbili, nikasikia mwili ukianguka. Nikashuka mbio. Paja la kushoto lilikuwa limepasuka na mfupa umetokeza. Nilivua mkanda wangu, nikaufunga juu ya jeraha, nikapitisha bisibisi na kuizungusha mpaka damu ikapunguza kasi.

"Mnyapara!" nikaita. "Mnyapara, mdogo wako anakufa huku!"

Aligeuka na nondo yake. Uso wake ulikuwa na madoa ya damu ya kaka.

"Ita gari la wagonjwa," akamwambia kuli mmoja.

"Nimeshapiga simu, mkuu. Wanasema saa nzima."

"Saa nzima hana," nikasema. "Gari lililopo ni hili. Mpakieni juu, nimpeleke."

Walimbeba kwa turubai, wanne, wakamlaza kwenye bodi. Mimi nikapanda kwenye usukani, nikaweka mikono juu ya mapaja.

"Nini tena? Ondoa gari!"

"Na kaka yangu."

"Nani?"

"Mpakieni na kaka yangu."

Mnyapara alikuja mpaka dirishani. Alipumua kama ng'ombe. "Wewe mtoto wa kike, unanipa masharti? Mimi?"

"Nakupa. Mkiniteremsha, ufunguo huu hapa, chukueni. Nani kati yenu anajua kuendesha?" Kila mmoja akamtazama mwenzake. "Unataka damu ya kaka yangu au uhai wa mdogo wako? Vyote viwili hupati, bwana mkubwa. Chagua, na uchague upesi."

Nilimkazia macho. Nyuma yake niliwaona bado wanampiga teke kaka, sasa bila nguvu, kama watu wanaomaliza kazi ya kuchosha.

"Muacheni," mnyapara akasema. Kisha, kwa sauti ya juu: "Nimesema muacheni! Mpakieni!"

Walimtupa kama mfuko. Nilisikia kichwa chake kikigonga ubao. Makuli watatu wakapanda kukaa nao, na mnyapara akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akaketi pembeni yangu na nondo mapajani.

"Mdogo wangu akifa njiani," akasema, "yule hashuki mzima. Unanielewa?"

"Nimekuelewa." Nikatoa kichwa nje. "Mwosheni macho! Kuna dumu la maji hapo nyuma, mmwoshe macho!"

Sikujua kama walimwosha.

Barabarani upepo uliingia moja kwa moja usoni, kioo hakikuwepo. Nilipiga honi mfululizo, nikapita taa nyekundu, nikapanda ukingo wa barabara. Mnyapara alikuwa ameishika nondo kwa mikono miwili. Aliongea akitazama mbele.

"Alimwona. Alipiga honi. Niliisikia kwa masikio yangu haya. Kicheko kamkosea nini kaka yako?"

"Hajamkosea."

"Basi kwa nini? Mtu haui mtu bure."

Ningeweza kunyamaza. Kaka alikuwa ndani ya lori, lori lilikuwa linakwenda, hospitali ilikuwa mbele. Lakini nilijua Kicheko akikata roho kabla ya pale, watu watatu waliokuwa nyuma wangesubiri neno moja tu, na neno hilo lilikuwa kinywani mwa huyu. Kama angebaki anaamini kwamba kaka alikusudia, angelitamka.

"Picha niliigeuza mimi," nikasema.

"Picha gani?"

Nikamwambia. Kamera ya mbele, kiwaya cha kijani, kitambaa chekundu, miezi minane. Nilimwambia kaka alidhani anamkwepa. Nilimwambia kwamba nilijua nimebadilisha na sikumwambia, kwa sababu alinipiga kofi na mimi nina kiburi. Nilisema yote kwa pumzi moja nikiwa natazama barabara.

Sikuiona nondo ikija. Alinipiga kwa ncha yake, mdomoni, kama mtu anayetwanga. Meno mawili yakaanguka na mdomo ukajaa damu ya moto. Lori likayumba mpaka upande wa pili, gari dogo likatukwepa likilia, na nyuma makuli wakapiga mayowe. Nililirudisha. Nikatema.

"Nipige tena tupinduke," nikamwambia. Maneno yalitoka yamevimba. "Kicheko ndiye aliye juu. Sisi tuna paa."

Aliinua nondo tena. Haikushuka. Tulipita daraja, tukapita soko.

"Na kelele?" akauliza baadaye. Sauti ilikuwa nyingine. "Si yana kelele haya? Mtu akiwa nyuma, si yanalia?"

"Yanalia. La kaka lilizibwa."

"Kwa nini?"

Nilimgeukia. Damu ilikuwa inanichuruzika mpaka kifuani.

"Unaniuliza mimi? Nani alimpa pamba?"

Vidole vya mnyapara vilifuata madoa ya kutu kwenye nondo, kimoja baada ya kingine.

Mlinzi wa hospitali alitufungulia geti, akaona bodi, akashika kichwa. "Mlango wa dharura uko mwisho wa ule uchochoro. Ingia kinyumenyume, machela haiwezi kupita ubavuni!"

Nilitazama vioo. Uchochoro ulikuwa na upana wa lori na mikono miwili. Ukutani kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi wagonjwa na waliowaleta: mama na mtoto mchanga, mzee mwenye bandeji mguuni. Walianza kuinuka, baadhi haraka, baadhi si haraka. Niliweka gia ya nyuma. Skrini ikawaka. Picha ilikuwa nzuri, safi, kulia kukiwa kulia. Niliitazama na mguu wangu ukagoma. Picha haikuwa na kosa tena. Lakini haikunionyesha yule mama ameketi karibu kiasi gani na tairi, na mzee alikuwa ametoka ndani yake, yuko ubavuni, kusikojulikana. Niling'oa utepe kwenye spika, nikachomoa pamba kwa kucha. Kelele ikajaa kabini, kali, ya mfululizo, ikilia kwa ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, watu, yote kwa pamoja. Kaka alisema kweli. Pale palipobana haikukwambia nini, ilikwambia tu kuna kitu.

"Shuka," nikamwambia mnyapara.

"Nini?"

"Shuka ukasimame nyuma, upande wangu, mahali nitakapokuona kwenye kioo. Waondoe watu kwenye mabenchi. Uniongoze kwa mkono. Nisipokuona, nasimama. Hata Kicheko akiwa anakata roho, nisipokuona nasimama."

Alinitazama. Alikuwa anafikiria nilichokuwa nafikiria. Angekwenda kusimama nyuma ya lori lilelile, kati ya kuta mbili, na kwenye usukani kulikuwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimng'oa meno dakika kumi zilizopita, ambaye kaka yake alikuwa amelala juu na macho yaliyoungua. Mguu wangu ulikuwa juu ya klachi. Sitadanganya. Wazo lilikuja, likaketi, likanywa maji.

Aliiweka nondo kitini, akashuka.

Nilimwona kwenye kioo akimwinua yule mzee kwa kwapa, akimvuta mama kando. Kisha akasimama mahali nilipomwambia, akainua mkono.

"Njoo! Njoo... njoo... kata kulia kidogo. Hapo. Njoo."

Nilirudi kwa mwendo wa kuku anayetafuta pa kutaga. Kelele ilinipasua kichwa na sikuizima. Katikati ya uchochoro mnyapara akatoka kwenye kioo. Nikakanyaga breki, lori likaguna, nyuma Kicheko akalia.

"Mbona umesimama? Njoo!"

"Sikuoni!"

"Niko hapa!"

"Hapa wapi? Sikuoni, mzee!"

Kisha bega lake likarudi kwenye kioo, na mkono, na ule uso wenye damu. Aliinua viganja vyote viwili vionekane.

"Unaniona sasa?"

"Nakuona."

"Njoo basi. Njoo... njoo... simama."

Wauguzi walikuwa mlangoni. Walimshusha Kicheko kwanza, na alikuwa hai, akitukana, jambo ambalo muuguzi mmoja alisema ni dalili njema. Makuli watatu walibaki juu ya bodi, wamesimama karibu na kaka yangu, wanamtazama mnyapara wakingoja. Kaka alikuwa amejikunja, kitambaa kilicholowa maji kikiwa usoni mwake. Kumbe walimwosha. Sijui ni nani kati yao.

Mnyapara aliifuata machela mpaka mlangoni. Akasimama. Bila kugeuka akasema, "Mshusheni na huyo. Polepole, bega lake limeteguka."

Kisha akageuka, akanijia mimi.

"Akifa," akasema, "sitamfuata kaka yako. Nitakufuata wewe."

Nilijifuta mdomo kwa mkono.

"Karakana unaijua ilipo," nikamwambia. "Uje mchana, nikuone."